Kidonge cha leo, nafuu ya mwezi ujao: kutumia dawa za sonona kwa kufuata mwendo wa ubongo

Anayeanza dawa ya sonona hukutana na jambo ambalo dawa nyingine hazikumzoesha. Panadol hutuliza kichwa ndani ya saa moja. Dawa mseto hushusha homa ya malaria ndani ya siku mbili tatu. Kidonge cha sonona humezwa siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, na kinachoonekana ni kichefuchefu, kinywa kikavu na usingizi wa mang'amung'amu, huku huzuni ikiwa palepale ilipokuwa. Wengi huacha hapo, wakasema dawa imewakataa. Dawa ilikwisha fika mahali pake siku ileile ya kwanza. Kilichokuwa bado ni ubongo kujipanga upya, na kazi hiyo haikimbizwi.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyekwisha kupimwa na kuandikiwa dawa, na wa ndugu anayemuuguza. Miligramu zilizotajwa ni za mtu mzima. Zimewekwa ili mzungumze na daktari au mfamasia mkiwa mnaelewana, si ruhusa ya kujinunulia.

Kwenye ufa kati ya seli na seli

Seli za ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine upo ufa mwembamba mno. Unene wa unywele mmoja ungemeza nyufa kama hizo elfu kadhaa. Ujumbe huvuka hapo kwa kemikali. Seli inayotuma hutema serotonini, chembe zake hugusa vipokezi vya seli ya pili, na kazi ikiisha seli iliyotema huzifyonza tena kwa pampu iliyo ukutani mwake ili izitumie siku nyingine. Fluoksetini, setralini, sitalopramu na esitalopramu huziba pampu hiyo, kwa hiyo serotonini hukaa ufani muda mrefu zaidi. Amitriptilini huziba pampu ya serotonini na pia ya noradrenalini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe, kisha huenda kugusa vipokezi vingine ambavyo havikuhusika, na hapo ndipo zinapotoka kero zake nyingi.

Dawa za kwanza zilipatikana katika miaka ya 1950 bila mtu kuzikusudia. Iproniazidi ilikuwa ya kifua kikuu, wagonjwa wakaonekana wamechangamka kupita kiasi. Imipramini ilijaribiwa na daktari Roland Kuhn huko Münsterlingen, Uswisi, kwa ugonjwa mwingine kabisa. Baadaye ilipojulikana kwamba zote zinaongeza kemikali za aina ya serotonini na noradrenalini, likazaliwa lile elezo la mkato: sonona ni upungufu wa serotonini. Elezo hilo halitoshi. Lingekuwa kweli, mgonjwa angepona siku pampu inapozibwa. Mwaka 2022 mapitio ya tafiti nyingi yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff wa London hayakupata ushahidi thabiti kwamba wagonjwa wa sonona wana serotonini pungufu. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2018 ulioongozwa na Andrea Cipriani, wenye majaribio 522 na washiriki 116,477, ulikuta kwamba dawa zote 21 zilizopimwa zinakishinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, ingawa si kwa pengo kubwa. Sababu ya ugonjwa na njia ya kuutibu si lazima ziwe kitu kimoja.

Hili lina faida ya moja kwa moja mfukoni mwako. Hakuna kipimo cha damu kinachosema serotonini ya ubongoni ni kiasi gani, kwa hiyo usilipie kipimo cha namna hiyo. Ndizi kweli zina serotonini, lakini serotonini ya chakula haivuki kuta za mishipa ya damu kuingia ubongoni. Na vidonge vya 5-HTP vinavyouzwa mtandaoni kama virutubisho visichanganywe na dawa yako. Mwili huvigeuza kuwa serotonini, na ukijumlisha na pampu iliyozibwa unaweza kujiletea sumu.

Kwa nini ni wiki, si siku

Seli zinazotengeneza serotonini ni laki chache tu kati ya bilioni 86 hivi za ubongo, nazo zimekusanyika kwenye shina la ubongo. Zina vipokezi vya kujipima zenyewe. Serotonini ikijaa karibu nazo, vipokezi hivyo hushika breki na seli hupunguza kutema. Ndivyo inavyokuwa siku za mwanzo: dawa inaziba pampu, breki inakamata, na faida inaliwa na breki. Inachukua wiki mbili hadi tatu vipokezi vya breki vilegee. Hapo ndipo seli hutema kwa mwendo wake wa kawaida huku pampu ikiwa bado imezibwa, na ujumbe huanza kupita kwa wingi.

Nyuma ya hapo kuna kazi ya polepole zaidi. Protini ziitwazo BDNF, zinazolisha na kukuza matawi ya seli za neva, huongezeka, na viungo kati ya seli hurekebishwa. Ubongo ulio katika hali hiyo hufundishika. Kwa hiyo usikae ukisubiri kidonge kifanye kila kitu: kutembea kila siku, kulala na kuamka kwa saa ileile, kukaa na watu na kupata ushauri nasaha ndivyo vitu ambavyo ubongo huo utajifunza navyo. Maongezi peke yake yana nguvu. Jaribio lililofanyika katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2003 lilikuta vikundi vya mazungumzo, bila dawa yoyote, vikipunguza sonona kwa kiwango kikubwa.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Sonona inayohitaji dawa ina sura yake: angalau dalili tano kati ya tisa kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo iwe huzuni ya kudumu au kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda. Nyingine ni usingizi kuharibika, hamu ya chakula au uzito kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani, akili kutotulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na kuwaza kufa. Kwa sonona nyepesi, anza na ushauri nasaha.

Mwambie daktari kama umewahi kupata siku kadhaa za kulala saa tatu tu bila kuchoka, kusema mbio, kutumia fedha ovyo na kujiona unaweza lolote. Hiyo huashiria baipola, na mgonjwa wa baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa kwenye wazimu wa furaha. Swali hili huchukua dakika moja na mara nyingi haliulizwi. Usipoulizwa, lianzishe mwenyewe. Omba pia uangaliwe upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana vyote viwili huvaa nguo za sonona. Dawa ya VVU ya efavirenzi nayo huweza kuharibu hali ya akili.

Kisha beba dawa zako zote, pamoja na za mitishamba, ndani ya mfuko mmoja na uzimwage mezani kwa mfamasia. Usitegemee kumbukumbu.

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza jaza dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Lina maswali tisa, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea huhitaji hatua, 15 ni sonona nzito kiasi, 20 na zaidi ni nzito sana. Lirudie kila baada ya wiki mbili, siku ileile ya juma. Mtu mwenye sonona hana kumbukumbu ya haki juu ya nafsi yake. Atakwambia hakuna kilichobadilika wakati alama zimeshuka kutoka 19 hadi 13.

Fluoksetini na amitriptilini, kwa undani

Hizi mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ndizo utakazokutana nazo zaidi katika hospitali za umma za Afrika Mashariki.

Fluoksetini huanza na miligramu 20 mara moja kwa siku, asubuhi, kwa sababu huweza kukimbiza usingizi. Mzee au mtu mwenye wasiwasi mwingi huanza na 10. Ukisikia kichefuchefu, imeze baada ya kula. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, wala si ubongoni, kwa hiyo tumbo ndilo linaloisikia dawa kwanza. Kero hiyo kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Dawa hii hukaa sana mwilini: kwa anayeitumia mfululizo, huchukua siku 4 hadi 6 kupungua nusu, na zao lake linaloitwa norfluoksetini huchukua wiki moja hadi mbili. Ukiruka siku moja hutaona tofauti. Endelea kesho na kidonge kimoja, usimeze viwili. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kiwango chake kwenye damu hutulia baada ya wiki nne au tano, na kupandisha dozi kila wiki ni kujichanganya.

Amitriptilini ni habari nyingine, na hapa ndipo makosa yamejaa. Huanza na miligramu 25 usiku, kisha hupandishwa kwa 25 hadi 50 kila wiki mpaka kufikia 100 hadi 150 kwa siku. Wazee huishia 50 hadi 75. Tatizo ni kwamba kidonge kile cha kwanza cha 25 huleta usingizi usiku uleule, kwa kuwa huziba vipokezi vya histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, hata kwa dozi ndogo. Mgonjwa analala, anashukuru, daftari la kliniki linaandikwa "anaendelea vizuri", na dozi inabaki 25 mwaka mzima. Pampu za serotonini na noradrenalini hazijazibwa vya kutosha kwa dozi hiyo. Ni dozi ya kulala na ya maumivu ya neva. Ukiwa umekaa kwenye 25 kwa miezi na huzuni haijaondoka, usiseme amitriptilini imeshindwa, haijajaribiwa bado.

Kero zake zinafuata vipokezi inavyovigusa. Ikiziba vipokezi vya asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe, kinywa hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu, mkojo hugoma. Ikiziba vile vya mishipa ya damu, presha hushuka ukisimama ghafla. Mama wa miaka sabini anayeamka saa nane usiku kwenda msalani ndiye anayeanguka na kuvunjika nyonga: akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja, miguu ikiwa chini, taa ikiwa imewashwa, ndipo ainuke. Kunywa maji kidogokidogo, tafuna kitu kisicho na sukari, piga mswaki kwa bidii maana kinywa kikavu huozesha meno. Mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo, aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba aombe dawa nyingine.

Na jambo ambalo ndugu lazima alijue: amitriptilini ikizidi dozi huvuruga umeme wa moyo na huua. Asiachiwe mgonjwa aliyekata tamaa akiba ya mwezi mzima. Ichukuliwe ya wiki moja kwa wakati mmoja, ikae kwa ndugu, imefungiwa.

Kalenda ya wiki nane

Wiki ya kwanza na ya pili ni za kero bila faida. Wengine huongezeka wasiwasi, mguu hautulii, mwili unahangaika. Mpigie daktari, kupunguza dozi kwa siku chache mara nyingi hutosha. Walio chini ya miaka 25 wanahitaji jicho la karibu zaidi katika kipindi hiki, kwa kuwa mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kwao. Mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo hilo kwa watoto na vijana wadogo mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24.

Nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya tumaini kurudi. Mtu aliyekuwa hana hata nguvu ya kuinuka kitandani sasa anazo, na wazo la kufa bado halijaondoka. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpunguzia upweke. Akikubali kwamba ana mpango, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kati ya wiki ya pili na ya nne mabadiliko madogo huanza, na mara nyingi anayeyaona ni mwingine. Anaoga bila kusukumwa. Anauliza habari za mtoto. Anamaliza chakula. Ndugu ayaandike hayo kwenye daftari kwa tarehe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atayakana. Wiki ya nne linganisha alama. Zikiwa zimeshuka walau kwa theluthi, endelea kama ulivyo. Zikiwa hazijashuka kabisa na dozi ni ya kutosha, huo ni wakati wa kuzungumza na daktari, si wa kuongeza uvumilivu. Wiki ya sita hadi ya nane lengo ni alama kuwa nusu ya zile za mwanzo, na mbele ya hapo kuwa chini ya 5. Kubaki na alama 8 na kuridhika ni kujiwekea ugonjwa akiba.

Kuna kero moja inayoacha watu wengi nje ya tiba bila kusema: dawa za kuziba pampu ya serotonini huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuchelewesha kufika kileleni, kwa wanaume na wanawake. Haiondoki yenyewe kama kichefuchefu. Mgonjwa huacha kimyakimya, mwenzi wake hudhani amechokwa. Daktari aulize, na asipouliza, sema. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Mirtazapini na bupropioni hazina sana tatizo hili.

Isipofanya kazi

Kwanza hesabu vidonge vilivyobaki. Mara nyingi "dawa kushindwa" kumo humo kwenye kopo.

Pili, usikimbilie kuzidisha. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba sitalopramu ya miligramu 20 huziba takriban asilimia 80 ya pampu za serotonini. Ukienda 40 hupati maradufu. Unaongeza asilimia chache tu, huku kero zikiongezeka kwa kipimo kizima. Dozi ya kawaida ya fluoksetini au setralini nayo hukaa karibu na asilimia hizo 80. Kwa hiyo kupanda mara moja kuna maana kwa anayepata nafuu nusunusu, lakini aliyefika wiki ya sita bila hata dalili ya nafuu hufaidika zaidi na mabadiliko. Venlafaksini ni tofauti: kwa miligramu 75 huziba zaidi pampu ya serotonini, na inapofika 150 na kuendelea ndipo ya noradrenalini inaposhikwa vizuri. Kuipandisha ni kama kuongeza dawa ya pili.

Tatu, angalia ini. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huvunja amitriptilini na dawa nyingine nyingi, na jeni zake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aina zake mbili zenye nguvu pungufu, *17 na *29, hupatikana zaidi kwa Waafrika. Kwa upande mwingine, utafiti nchini Ethiopia ulikuta watu wengi wenye nakala za ziada za jeni hiyo, ambao huimaliza dawa upesi kabla haijafanya kazi. Kipimo cha jeni ni adimu na ghali katika nchi zetu, lakini historia yako inasema mengi: ukilewa na kidonge kimoja cha amitriptilini mpaka saa sita mchana wa siku ya pili, mwambie daktari apandishe taratibu zaidi.

Kubadilisha dawa si kushindwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, wenye wagonjwa takriban 4,000, karibu theluthi tu walipona kabisa kwa dawa ya kwanza. Waliobadilishiwa walipona takriban mmoja kati ya wanne, na haikuleta tofauti kubwa kama dawa mpya ilikuwa ya jamii ileile au nyingine. Ukitoka fluoksetini kwenda amitriptilini, kumbuka kwamba fluoksetini hufunga kile kimeng'enya cha CYP2D6 na hubaki mwilini wiki kadhaa. Amitriptilini ianze chini kabisa na ipande polepole, la sivyo itajilimbikiza na kuugusa moyo.

Wasiosikia dawa mbili zilizotumika kwa dozi na muda wa kutosha wapelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Huko kuna lithiamu ya kuongezea, tiba ya umeme inayofanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, ambayo inaogopwa kuliko inavyostahili, na ketamini inayopitia njia nyingine kabisa ya kemia, ya glutamati, na huweza kuleta nafuu ndani ya saa chache. Hiyo hutolewa chini ya uangalizi tu.

Michanganyiko ya hatari

Tramadoli ndiyo ya kwanza. Nayo huzuia pampu ya serotonini, kwa hiyo pamoja na dawa ya sonona serotonini hufurika: jasho, tetemeko, joto kupanda, kuhara, misuli ya miguu kurukaruka yenyewe, kuchanganyikiwa. Dalili huja ndani ya saa chache hadi siku moja baada ya kuongeza dawa. Acha zote mbili na kimbilia hospitali. Tramadoli pia huleta degedege. Na kuna ubaya wa pili: fluoksetini hufunga kimeng'enya kinachoiamsha tramadoli, kwa hiyo maumivu hayapungui, mgonjwa anaongeza vidonge, hatari inakua.

Wenye kifua kikuu sugu wanaotumia linezolidi wako kwenye hatari hiyohiyo, maana linezolidi huzuia uvunjaji wa serotonini. Kliniki ya kifua kikuu na ya akili zizungumze kabla, na zikumbuke kwamba fluoksetini iliyoachwa leo hubaki mwilini hadi wiki 5. Kwa kifua kikuu cha kawaida hatari inageuka: rifampisini huchochea ini kuvunja dawa nyingi za sonona haraka, na mgonjwa aliyekuwa mzima huanza kuzama tena bila sababu inayoonekana. Tiba ikiisha baada ya miezi sita, ini hurudi mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na kama dozi ya sonona ilipandishwa katikati ya tiba, sasa inakuwa kubwa mno. Iandike tarehe hiyo kwenye daftari mapema.

Malaria ikikushika, tibiwa. Usiache dawa mseto kwa hofu. Lakini mwambie mhudumu kwamba unatumia amitriptilini au sitalopramu. Lumefantrini huweza kuchelewesha umeme wa moyo kama zifanyavyo dawa hizo, na hupunguza uvunjaji wa amitriptilini. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe moyo kwa mashine ya ECG au apewe mbadala.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na fluoksetini au setralini huongeza kutoka damu tumboni, kwa sababu chembe sahani za damu hutumia pampu ileile ya serotonini kujiwekea akiba ya kugandishia. Kwa kichwa au mgongo tumia parasetamoli. Mzee anayetumia dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha apimwe sodiamu, yaani chumvi ya damu, baada ya wiki mbili, maana huweza kushuka akiwa kwenye dawa hizi. Akianza kuchanganyikiwa au kulegea ghafla, usidhani ni sonona imezidi. Mirungi humwaga dopamini, kemikali ya raha ubongoni, kwa saa chache kisha huacha shimo la huzuni asubuhi yake, na pombe hufanya hivyo kwa njia yake.

Mjamzito asiache ghafla kwa uamuzi wake. Amwone daktari wiki hiyohiyo. Anayenyonyesha mara nyingi hupewa setralini, kwa kuwa hupita kidogo kwenye maziwa.

Kuacha

Ukishapona, baki na dozi ileile iliyokuponya kwa miezi 9 hadi 12. Usiipunguze ili "kupumzisha mwili". Aliyeugua mara mbili au zaidi huzungumzia miaka miwili au kuzidi. Chagua pia wakati: usianze kupunguza mwezi wa msiba, wa mitihani, au wa kuhama nyumba.

Ile hesabu ya asilimia 80 hurudi hapa, kwa kinyume. Kushuka kutoka sitalopramu 20 hadi 10 hufungua pampu chache tu, na miligramu 5 bado huziba zaidi ya nusu. Hatua ya mwisho, kutoka 5 hadi sifuri, ndiyo inayofungua nyingi kwa mkupuo. Ndiyo maana watu husema nusu ya kwanza ilikuwa rahisi na ya mwisho ikawaangusha. Kwa setralini, kwa mfano, ni 50, kisha 25, kisha 12.5 kwa kukata kidonge, na kila hatua ipewe wiki mbili hadi nne. Anayesumbuka aende vipande vidogo zaidi kwa msaada wa mfamasia. Amitriptilini ishushwe kwa angalau wiki nne. Fluoksetini hujishusha yenyewe kwa vile hutoka mwilini polepole. Paroksetini na venlafaksini ndizo ngumu kuliko zote, na venlafaksini ya kutoka taratibu isikatwe wala kusagwa.

Kizunguzungu, ndoto kali, machozi ya karibu na kile kinachofanana na mshtuko mdogo wa umeme kichwani, vikianza siku mbili tatu baada ya kupunguza, ni mwili unaozoea pampu kufunguka. Hutulia ukirudi hatua moja nyuma. Sonona inayorejea huja taratibu zaidi, baada ya wiki au miezi, ikiwa na sura yake ya zamani: usingizi uleule uliokatika alfajiri, simu zilezile zisizopokelewa. Endelea kujaza PHQ-9 kila mwezi kwa miezi sita baada ya kidonge cha mwisho, na alama zikipita 10 mara mbili mfululizo, rudi kliniki na daftari lako mkononi.